UZI: Mbio nilipita, hesabu zikaniangusha. Nataka jeshi, nianzie wapi?

Mchapati_wa_Busia

Habari zenu wakubwa na wadogo. Mimi kijana wa miaka 20, niko Busia upande wa Uganda, nauza chapati na rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) karibu na steji ya boda. Naandika Kiswahili kwa sababu marehemu mzee alikuwa askari na sisi tumekulia kambini, ndo lugha ya nyumbani, kwa hiyo wale wa kusema Kiswahili ni cha askari na wezi leo naomba mpite tu.

Shida yangu ni hesabu. Jeshi nalitaka tangu niko mdogo. Mwaka jana nikaenda intavyuu, wapi sitataja, mbio nikakimbia nikawa kwenye kumi wa kwanza, vyeti vikaangaliwa, barua ya LC1, mwenyekiti wa kijiji, ikawa sawa, moyoni nikasema hapa nimeshaingia. Halafu tukakalishwa chini ya mti tukagawiwa pepa. Kiingereza nikajikongoja. Kufika hesabu jasho lililonitoka hata kwenye mbio halikutoka hivyo, kalkuleta marufuku, swali la kwanza fraksheni, la pili sijui askari wangapi wanakula siku ngapi, nikaanza kubahatisha tu A, C, C, B. Jioni majina yakasomwa langu halimo.

Msinione mjinga lakini. Mimi ni wa ile S1 (sekondari mwaka wa kwanza) ya 2020, tumeingia tu hata sare haijachakaa korona ikafunga shule mwezi wa tatu. Tumekuja kurudi sawasawa Januari 2022 tunasukumwa S2 wote, uwe umejua usijue. Hapo katikati nilikuwa nakanda unga na mama. UCE (mtihani wa kumaliza S4) ya 2024, ile ya kwanza ya mtaala mpya, hesabu nikapata D. Sasa nafunga kibanda saa tatu usiku, nina kama saa moja na nusu kabla usingizi haujanibeba, simu ninayo kioo kimepasuka, bando la kuhesabu. Nianze na nini? Aljebra? Kuna mtu ameniambia nikariri fomula zote za S4 itatosha.


Mtoto_wa_Bombo

Kaka usijichoshe. Huko ni kujuana. Tafuta mtu.


Sajini_Mstaafu

Mtoto wa Bombo kaa chini kidogo. Mimi nimetumikia miaka 22, mingi nikiwa kwenye mizinga, na baba yangu hakuwa mtu wa mtu yeyote, alikuwa anachunga ng'ombe. Kujuana kupo, sikatai, nchi gani hakuna. Lakini anayemwambia kijana asisome kwa sababu wengine wanajuana, huyo anapunguza foleni yake mwenyewe.

Wewe mchapati, pole kwa mzee. Nikuambie kitu ambacho pale chini ya mti hawakukuambia, ile pepa haikuwekwa kukukomoa. Kuruta asiyejua kugawanya atampoteza mwenzake porini. Nitarudi na mifano nikitoka shambani. Na neno lingine, mwaka huu atatokea mtu wa kukwambia mpe laki kadhaa akuletee pepa kabla au aingize jina. Kuandikishwa jeshini ni bure, jeshi lenyewe linalisema hilo kila mara. Ukimpa hela umezitupa mtoni.


Mchapati_wa_Busia

Afande asante. Huyo mtu alishakuja tayari, jirani yetu. Alitaka laki tano. Mama alimfukuza na mwiko.


Mama_Hesabu_Tororo

Mwanangu karibu. Nafundisha hesabu P6 na P7, yaani msingi mwaka wa sita na wa saba, miaka kumi na sita sasa, na kaka zako wa S4 wanakuja kwangu jioni kwa mlango wa nyuma ili wadogo zao wasiwaone.

Kabla ya kukwambia uanze wapi nataka nijue umevunjika wapi. Aliyekwambia ukariri fomula za S4 anakupaka rangi nyumba isiyo na msingi. Chukua karatasi, dakika kumi na tano, bila kalkuleta, bila kumuuliza mtu, ukikwama andika hivyo hivyo unavyofikiri. Usifute. Nataka makosa yako, majibu sahihi hayanisaidii kitu leo.

1. 7 × 8
2. 3/4 + 2/3
3. Asilimia 15 ya sh 40,000
4. −5 − (−3)
5. Askari 30 wana chakula cha siku 12. Kabla hawajaanza kula wakaja wenzao 10. Chakula kitatosha siku ngapi?
6. 3(x − 4) = 2x + 5
7. Doria ilitoka 2145, ikarudi 0530. Ilichukua muda gani?
8. 0.4 × 0.2


Mchapati_wa_Busia

Dakika 15 ziliisha nikiwa namba 6 nikaongeza tano madam, nisamehe.

1. 54 (au 56, huwa zinanichanganya)
2. 5/7
3. 6,000
4. −8
5. siku 16
6. x = 9
7. masaa 16 dakika 15
8. 0.8


Mtoto_wa_Bombo

😂😂 banange


Mama_Hesabu_Tororo

Usicheke, Bombo. Andika yako hapa kama unaweza.

Mwanangu umepata moja kati ya nane na mimi nimefurahi sana, ngoja nikuonyeshe kwa nini. Hukuandika takataka. Kila kosa lako lina njia, na njia ikionekana inazibika.

Namba 2. Umejumlisha juu kwa juu, chini kwa chini, 3+2 na 4+3. Sasa wewe mtu wa chapati nisikilize. Robo tatu ya chapati ni zaidi ya nusu au pungufu? Zaidi. Theluthi mbili je? Zaidi pia. Zaidi ya nusu ukiongeza zaidi ya nusu lazima ipite chapati nzima. Jibu lako 5/7 halifiki hata chapati moja! Umemuibia mteja. Kwa hiyo kabla hata ya kujua njia, ungeshajua jibu hilo ni la uongo. Njia sasa: chapati moja kata vipande vinne, nyingine vitatu, vipande havilingani, huwezi kuvihesabu pamoja. Tafuta namba ambayo 4 na 3 zote zinaingia, ni 12. Kata zote vipande 12. Robo tatu inakuwa vipande 9, theluthi mbili inakuwa 8, jumla vipande 17 vya kumi na mbili, yaani chapati nzima na vipande 5. 17/12. Ile namba ya chini ni saizi ya kipande, saizi haijumlishwi. Ukielewa sentensi hiyo fraksheni zimeisha nusu.

Namba 5. Umefanya 12 × 40 ÷ 30 ukapata 16. Midomo imeongezeka halafu chakula kikadumu zaidi? Hilo jeshi nami naenda kujiandikisha. Jiulize kwanza jibu linatakiwa kupanda au kushuka. Hapa linashuka. Askari 30 mara siku 12 ni sahani 360 za siku. Gawa kwa watu 40, siku 9.

Namba 6. Ulifungua mabano ukamzidisha x peke yake, −4 ukamuacha nje ya mlango. 3x − 12 = 2x + 5, x ni 17. Na ungejua umekosea kwa nusu dakika tu: rudisha 9 ndani. Kushoto 3 × 5 = 15, kulia 18 + 5 = 23. Haziko sawa. Rudisha 17: kushoto 3 × 13 = 39, kulia 34 + 5 = 39. Aljebra ni mtihani unaokuja na majibu yake mfukoni, watoto hawapekui tu huo mfuko.

Namba 4, deni. Una deni la 5, mtu akakuondolea deni la 3. Umebaki na deni la 2, yaani −2. Wewe umeongezewa deni.

Namba 8, sehemu nne za kumi za kitu kidogo lazima iwe ndogo zaidi. 0.08. Hesabu tarakimu baada ya nukta, moja na moja, mbili.

Namba 7 namuachia afande.

Namba 1 ndiyo ugonjwa mkubwa, na hapo usinune. Ukisitasita kwenye 7 × 8 kila swali linakula sekunde kumi za bure na akili inachoka kabla ya kufika kwenye swali lenyewe. Tebo ya 2 mpaka 9, ukijua kwamba 7 × 8 ni 8 × 7, ni vitu 36 tu. Toa za 2 na za 5 ambazo najua unazijua kwa sababu ya hela, zinabaki 21. Ishirini na moja mwanangu. Tatu kwa siku, wiki moja.

Sasa niambie, namba 3 umepataje?


Mchapati_wa_Busia

Madam hiyo niliipata kichwani, 10% ni elfu nne, nusu yake elfu mbili, jumla elfu sita. Ni wateja wa jumla wamenifundisha, wa hotelini wanaochukua chapati nyingi wanataka kupunguziwa.

Yaani hiyo ya kumuibia mteja imenikaa.


Mama_Hesabu_Tororo

Unaona. Hesabu unazijua, huzijui kwenye karatasi.

Anza na P5. Ndiyo, P5, na usione aibu. Halafu tafuta pepa za zamani za hesabu za PLE, mtihani wa kumaliza msingi. Zile zina maswali 32, ishirini sehemu A yenye alama 40, kumi na mawili sehemu B yenye alama 60, saa mbili na nusu, bila kalkuleta. Hakuna mazoezi bora kwa mtu aliyevunjika kama wewe, kwa sababu kila kitu kimo kidogo kidogo, fraksheni, asilimia, uwiano, mwendo, eneo, namba hasi. Mpaka upate themanini huko usiguse S3.

Na daftari mbili. Moja ya kufanyia, nyingine ya makosa tu. Ukikosa unaandika swali, unaandika kwa maneno yako ulikosea vipi ("nilimuacha −4 nje"), halafu unalirudia baada ya siku tatu, tena baada ya wiki, bila kuangalia. Ukilipata mara mbili unalipiga mstari. Watoto wengi hufanya maswali mia wanayoyajua na kujisifu.


Dada_wa_Arua

Nimesoma uzi wote nikicheka peke yangu kwenye basi. Mimi mzaliwa wa Arua, sasa niko Texas, nilikuja na grini kadi (kibali cha kuishi huku) ya bahati nasibu na niliingia jeshi la Marekani kama askari wa kawaida. Huku mwenye grini kadi anaruhusiwa kuwa askari ila kuwa ofisa lazima uraia kwanza. Mdogo wangu, mimi nilianguka mtihani huo huo, wa kwao unaitwa ASVAB, mara ya kwanza nilipata 24.

Nikueleze ulivyo maana maswali yake ya mazoezi yamejaa intaneti bure na yanafanana kabisa na yaliyokutoa jasho. Una sehemu nyingi lakini nne ndizo zinazoamua kama unaingia, hesabu za maneno, hesabu zenyewe, msamiati na kusoma aya. Kalkuleta hairuhusiwi. Ule wa karatasi hesabu za maneno ni maswali 30 kwa dakika 36. Piga mwenyewe, sekunde 72 kila swali. Zile hesabu zenyewe ni 25 kwa dakika 24, hata dakika moja haifiki. Jeshi la nchi kavu linataka angalau 31 kwa mwenye cheti cha sekondari, na hiyo 31 si maswali 31 wala si asilimia ya uliyopata, maana yake umefika au kuwapita watu 31 katika kila 100 wa kundi la vijana waliopimwa zamani mwaka 1997. Mimi nilidhani nimepata robo ya mtihani, kumbe hesabu ilinidanganya hata kwenye matokeo ya hesabu.

Ukianguka unasubiri mwezi, unarudia, ukianguka tena unasubiri mwezi mwingine, baada ya hapo ni miezi sita kila mara. Ule mwezi wangu ndo nilifanya kama anavyosema madam, nilirudi kwenye hesabu za P6, usiku baada ya zamu ya kuosha vyombo hotelini. Nikapata 38. Si nyingi ila mlango ulifunguka.

Na usione ni wewe wa Busia tu. Vijana wa huku wenye shule zenye maabara na mabasi ya njano wanaanguka sana, mpaka Agosti 2022 jeshi likafungua kozi pale Fort Jackson, South Carolina, kuwafundisha walioshindwa kwa pointi chache ndani ya siku tisini kabla ya mafunzo yenyewe. Korona ilifunga shule huku pia.

Kitu kimoja madam hakugusa. Kwangu nusu ya shida ilikuwa lugha, si namba. Swali limeandikwa Kiingereza, wewe unafikiri Kiswahili au Kilugbara, ukifika mwisho umesahau mwanzo. Dawa yangu: soma sentensi ya MWISHO kwanza, ujue wanauliza nini, ndipo urudi juu. Halafu kila sentensi iandike kwa alama zako. Nilikuwa nakosa "tano pungufu ya namba fulani", naandika 5 − x kwa sababu tano imetangulia kusemwa. Hapana, namba fulani ndiyo inayopunguzwa, x − 5.


Mchapati_wa_Busia

Dada asante, kumbe hata huko. Hiyo ya sentensi ya mwisho naijaribu leo leo.


Sajini_Mstaafu

Nimerudi. Mahindi yamekataa lakini tuendelee.

Namba 7. Kijana alitoa 0530 kwenye 2145 akapata 1615, akaandika masaa 16 na robo. Makosa mawili. Kwanza alitoa kinyume, aliyetoka usiku hawezi kurudi kabla hajatoka. Pili alishukuru Mungu tu kwamba 45 toa 30 inatoka, siku ikiwa 2110 na 0550 angesahau kwamba saa ina dakika 60 si 100. Fanya hivi: 0530 ni kesho, iongezee 24, iwe 29:30. Toa 21:45. Thelathini haitoshi kutoa 45, vunja saa moja uwe na dakika 90. 28:90 toa 21:45 ni 7:45. Masaa saba na dakika 45. Au kwa vidole, 2145 mpaka 2200 ni robo saa, mpaka usiku wa manane masaa mawili, mpaka 0530 masaa matano na nusu. Jumlisha. Mimi kwenye lindo nilitumia vidole.

Sisi tunaoongea Kiswahili tuna mtego wa ziada. Saa mbili asubuhi ni 0800, unaongeza sita. Saa mbili usiku ni 2000, unaongeza kumi na nane. Nilimwona kuruta, jina nalihifadhi, aliambiwa aingie lindo 0200 akaja saa mbili asubuhi ameshiba usingizi. Alipigishwa mchakamchaka mpaka kengele ya chakula.

Sasa kwa nini jeshi linataka hesabu. Ramani zetu za kawaida ni 1:50,000. Sentimita moja kwenye karatasi ni sentimita 50,000 ardhini, nusu kilomita. Kwa hiyo sentimita 2 ni kilomita 1. Hiyo ni uwiano tu, ni ile ile ya unga na chapati. Dira: ukienda kwa digrii 250 na unataka kurudi ulikotoka, toa 180, unapata 70. Ukiwa chini ya 180 unaongeza. Aliyekosea hapo anarudi kwa adui.

Na mizinga ndiyo raha yenyewe. Sisi duara hatukuligawa digrii 360, tuligawa mil, watu wa NATO 6400, Warusi 6000. Uzuri wa mil ni huu, kitu cha upana wa mita moja kikiwa umbali wa kilomita moja kinaonekana kama mil moja. Kwa hiyo ukimuona lori lenye urefu wa mita 6 kwa ubavu, kwenye darubini linachukua mil 3, gawa 6 kwa 3, liko kilomita 2. Kugawanya kwa P4. Nimefanya hivyo mvua inanyesha, karatasi imelowa, na kamanda anapiga kelele kwenye redio. Ndo maana kalkuleta hawakupi chini ya mti.


Mtoto_wa_Bombo

Afande hiyo ya mil sikujua kabisa. Naomba radhi kwa lile la kujuana.

Na madam, nimefanya yale maswali nane kimyakimya. Nimepata matatu. 😑


Mama_Hesabu_Tororo

Karibu mlango wa nyuma, Bombo.


Mchapati_wa_Busia

Wiki tatu sasa, naleta ripoti.

Tebo zimeingia. Dada yangu mdogo yuko P6, nilimwajiri kwa rolex moja kwa siku, mimi nakanda unga yeye amekaa kwenye jerikeni ananirushia, saba mara nane! sita mara tisa! nisipojibu kabla sijageuza chapati ananihesabia kosa. Wateja wameanza kujibu pamoja nami, kuna mzee wa boda amegundua hajui nane mara nane akaondoka kwa hasira.

Pepa ya kwanza ya PLE nilipata 43. Niliona aibu nikaificha chini ya godoro. Ya pili 58.

Sasa kuna kitu kimenisumbua usingizi. Rolex ilikuwa 2,000, mayai yakapanda nikapandisha ikawa 2,500. Mia tano kwa elfu mbili ni robo, nimepandisha 25%. Sasa mayai yakishuka nikirudisha 2,000, nimeshusha mia tano ile ile, lakini kitabu kinasema ni 20%. Imekuwaje mia tano moja iwe 25 ikipanda na 20 ikishuka? Nimefanya mara nne.


Dada_wa_Arua

Swali hilo lilikuwemo kwenye mazoezi yangu karibu neno kwa neno, nami nilikosa.


Mama_Hesabu_Tororo

Hilo ni swali zuri kuliko yote uliyoleta hapa. Asilimia haisimami peke yake, kila mara uliza ni asilimia YA NINI. Ikipanda unaipima na 2,000 ulikoanzia. Ikishuka unaipima na 2,500, maana sasa ndipo unapoanzia. Mia tano ni ile ile, mizani ndiyo imebadilika. Ndiyo maana mfanyabiashara akipandisha bei 25% halafu akakutangazia punguzo la 20% ukashangilia, umerudi pale pale.

Kuanzia leo, kila ukiona neno asilimia kwenye swali chora duara kwenye kitu kinachofuata baada ya "ya". Wengi wanaokosa hawakosi kuzidisha, wanazidisha kitu kisicho chenyewe.

Na 43 kwenda 58 usiifiche chini ya godoro, nitumie yale uliyokosa.


Mchapati_wa_Busia

Kumi kati ya niliyokosa ni kusoma vibaya. Nikirudia bila haraka napata. Hapo nifanyeje?


Sajini_Mstaafu

Usikimbie mwanzo. Kwenye mbio ulifanyaje kuingia kumi bora, ulichomoka kama swala?


Mchapati_wa_Busia

Hapana afande, nilikaa nyuma mpaka wachomokaji wakachoka.


Sajini_Mstaafu

Basi.


Dada_wa_Arua

Naongezea. Pita pepa yote mara ya kwanza, fanya unayoyaona moja kwa moja, gumu weka alama ruka. Raundi ya pili rudi. Mimi mara ya kwanza nilikaa na swali moja la maji ya tangi dakika sita nzima, nikilipigania kama shamba la urithi, mwisho maswali manane mepesi ya nyuma sikuyaona hata rangi. Lakini kwanza ujue mtihani wako ukoje, ule wa kompyuta wa huku ukishajibu hurudi nyuma. Wako ni karatasi, ruka.

Na saa weka pale tu utakapoweza kupata jibu bila saa. Ukijipima mapema unajifundisha kukosea haraka.


Mtoto_wa_Bombo

Mchapati tufanye pamoja basi, kila Jumapili jioni tunafanya pepa moja wote kwa muda mmoja tunatumiana picha. Niko tayari kudhalilika.


Mchapati_wa_Busia

Kale, sawa. Ila ukishindwa unanunua rolex ukija Busia.


Mchapati_wa_Busia

Jamani ni mwezi wa tatu huu. Pepa ya Jumapili nimepata 81, Bombo 77, analalamika eti swali la pembe lilikuwa na wino hafifu. Madam ameniruhusu kugusa vitabu vya S2. Intavyuu haijatangazwa bado, nasikiliza redio kila asubuhi.

Afande ulisema utanipa swali la kambini nikifika themanini.


Sajini_Mstaafu

Hilo hapa. Sekshoni yako iko kwenye kilima, inatakiwa ifike darajani. Kwenye ramani ya 1:50,000 umepima njia ni sentimita 7. Mnatembea kilomita 4 kwa saa. Mnaondoka 0540. Mnafika saa ngapi? Kalkuleta iache kwa mama.


Mchapati_wa_Busia

Sentensi ya mwisho kwanza: wanataka saa ya kufika. Sm 2 ni km 1, kwa hiyo sm 7 ni km 3.5. Km 4 kwa dakika 60 ni dakika 15 kila kilomita. Tatu ni 45, nusu ni saba na nusu, jumla 52 na nusu. Jibu lazima lisizidi saa moja, sawa, halijazidi. 0540 mpaka 0600 ni 20, zinabaki 32. Tunafika 0632.


Mama_Hesabu_Tororo

Safi sana. Lakini nusu dakika umeipeleka wapi?


Mchapati_wa_Busia

Madam, hapo Bombo alikuwa anafunga kamba za buti.